Vitunguu vya Gunia Moja

Kitunguu pori hakitaki kubembelezwa. Ukikimwagilia kila siku kama mchicha, kinaoza. Ukikizika chini sana, kinasusa mwaka mzima. Kinachotaka ni udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu kidogo, shingo yake iachwe juu ya ardhi, na mvua ya kwanza ikikute tayari kimo shimoni. Majani yakitoka unayakata kwa kisu, huyang'oi. Baada ya misimu miwili kila kimoja kimeshazaa vitoto ubavuni. Unavibandua, unavipanda kwa nafasi ya kiganja. Nimekipanda hivyo nyuma ya nyumba yangu hapa Tabora mjini tangu nilipoolewa, na majirani wanaokuja kuomba mbegu husema nina mkono mzuri. Sina mkono mzuri wala nini. Nina woga tu, na mtu mwoga hukagua tuta lake kila asubuhi.

Bibi yangu, mzaa baba, ndiye aliyenifundisha. Alikitia kwenye maharage, kwenye mlenda, kwenye dagaa wa Kigoma. Kilichobaki alikining'iniza juu ya jiko kikauke kwa moshi, na kikikauka hivyo kinafika masika mengine bila kuoza. Mwenye kikohozi alisagiwa na asali. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa moja: mwanamke akijifungua, anachinjiwa kuku, na ndani ya mchuzi vinatiwa vitunguu pori vilivyotwangwa, vingi, akaunywa moto mpaka jasho limtoke, ili maziwa yashuke. Mama aliunywa aliponizaa mimi. Hakuna mzazi wa ukoo wetu aliyeukosa, na bibi asingekubali mtu mwingine aupike.

Kilikuwepo na kingine. Tulikiita kitunguu cha mpaka, kwa sababu kilikaa kwenye kona za kiwanja na makaburini. Nyumba yetu ilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka Kipalapala, kando ya njia ya zamani ya misafara, na bibi alisema vitunguu hivyo vililetwa na wapagazi. Mpagazi akifia njiani, wenzake walimfukia na kumpandia kitunguu kichwani, maana mti utakatwa na jiwe litachukuliwa la kusagia, lakini kitunguu kile hakiliwi na mbuzi na hakifi kwa jua. Kwenye kiwanja chetu kulikuwa na makaburi manne ya watu ambao hakuna aliyewajua, na la tano lilikuwa la babu. Yote yalikuwa na vitunguu. Kazi ya pili ya kitunguu hicho ilikuwa panya. Bibi alikisaga na unga, akauweka chini ya ghala, na asubuhi tulizoa panya kwa jembe.

Mtu ataniuliza, mlivitofautishaje? Wakati wa mvua ni rahisi, majani hayafanani. Kiangazi majani hufa, na kinachobaki ardhini ni kitunguu kimoja kisichozidi ngumi ya mtoto, ganda la kahawia, na kingine cha namna hiyo hiyo. Bibi alikuwa na vipimo vyake. Cha jikoni kinanuka, cha mpaka hakina harufu. Cha mpaka kinawasha vidole. Na ukikikata, cha jikoni ni cheupe pe, cha mpaka kina uzi mwekundu katikati. Ila kusema kweli, hakuna aliyevitumia vipimo hivyo. Vya jikoni vilikuwa mlangoni pa jiko, vya mpaka vilikuwa makaburini. Mahali palitosha.

Kisha wakatuondoa mahali.

Ulikuwa mwaka ule wa operesheni, watu wote wa mbali kuhamia vijiji vya ujamaa. Baba yangu hakuwa mpinzani. Alikuwa na kadi ya chama, na siku ya uhuru alicheza ngoma mjini mpaka viatu vikaachia soli. Alipenda kutusimulia habari za viatu hivyo. Alisema kijijini kutakuwa na bomba, shule na zahanati, na alivisema kama mtu aliyekwisha kuviona. Tuliambiwa lori litakuja baada ya wiki mbili. Lilikuja baada ya siku nne, asubuhi, likiwa na mgambo sita, wakasema mchana lazima liwe limeondoka.

Bibi alikataa. Alikaa kwenye kaburi la babu, akanyoosha miguu kama mtu anayeota jua. Mgambo mmoja, kijana wa kwao na mama, alimwamkia vizuri, "Mwangaluka, mayu," akachuchumaa kumbembeleza. Wenzake hawakuwa na muda huo. Walipanda juu ya nyumba wakaanza kufumua nyasi za paa. Bibi alipoona jua limeingia chumbani kwake, aliinuka.

Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa amekalishwa kitandani, na kitanda kilikuwa kimetolewa nje, akitazama nyumba yake ikivuliwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Bibi alinipa jembe dogo, kikapu na kipande cha kaniki.

"Mke mwenzangu," aliniambia. Ndivyo alivyoniita kila siku kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, akidai nataka kumnyang'anya babu. "Vya jikoni tia kikapuni. Vya babu funga kwenye kaniki. Usiviweke pamoja, unanisikia?"

"Nakusikia, bibi."

Nilianza vizuri. Nilichimba vya jikoni, kikapu kikajaa. Nilipokwenda makaburini, dereva alianza kupiga honi, na mgambo mmoja akapita akakibeba kile kikapu, akavimwaga vitunguu chini na kukijaza sufuria zetu. Nikaogopa. Nilidhani wataniacha. Nilichukua gunia la katani, nikazoa vile vya chini, nikarudi makaburini nikachimba vya babu kwa pupa, nikavitupia humo humo. Kaniki nilijifunga kichwani kwa ajili ya vumbi.

Ndani ya lori bibi aliniuliza, "Umevitenga?"

"Ndiyo, bibi. Vya babu vipo chini, nimevifunga. Vya jikoni vipo juu."

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza miaka yote hii, na jibu ni la aibu kwa udogo wake. Bibi alikuwa analia, sikuwahi kumwona akilia, na sikutaka anikaripie mbele za watu. Nilipanga nitavitenga tukifika.

Tulifikia porini, upande wa kwenda Sikonge, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka kwetu. Kijiji kilikuwa vijiti vilivyochomekwa kwa mstari. Kila familia ilioneshwa kijiti chake. Bomba lilikuwa shimo ambalo halijafika maji, na zahanati ilikuwa ubao uliogongomelewa mtini. Wanaume walikata nguzo, wanawake na watoto tulikata nyasi za kuezekea, na nyasi za huko zilikuwa zimesongwa na upupu. Hakuna aliyepona. Tulijikuna mikono, shingo, mpaka kope. Tulijipaka majivu, tukajipaka matope, na kesho yake tukarudi nyasini. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, alifunga matita kwa kupapasa na akawashwa kuliko sisi sote.

Gunia lilitundikwa kwenye nguzo ya kibanda chetu likisubiri mvua. Kila siku niliambiwa fanya hiki, leta kile, na kila siku nilisema kesho nitavitenga. Baadaye nikaacha hata kusema. Gunia lote lilinuka kitunguu, mpaka kamba yake ilinuka. Nilipopita karibu niligeuza uso.

Mama alijifungua alfajiri moja, kabla ya mvua, salama salimini. Mtoto wa kike. Mkunga alikuwa jirani wa kijiti cha tatu, na alisema hajaona uzazi mwepesi kama ule. Baba alikwenda kukata nguzo akiimba. Bibi alichinja kuku wake wa mwisho, yule aliyesafiri naye kwenye lori akiwa amempakata, akaniita jikoni. Jikoni ni mafiga matatu chini ya mti.

"Leta vya juu. Saba. Viwe vinono."

Nilitia mkono guniani. Nilijua. Sitasema sikujua, nilivitoa vile saba kimoja kimoja na kila kimoja nilikinusa, na vyote vilinuka, na nikajiambia kama vinanuka basi ni vya jikoni. Bibi naye alivinusa. Akakata cha kwanza, akajikuna vidole, akacheka.

"Upupu huu utatumaliza. Hata nikishika kitunguu nawashwa." Akaninyooshea nusu ya kile kitunguu. "Macho yangu ni wewe, mke mwenzangu. Tazama ndani. Ni cheupe?"

Kutoka kibandani nilimsikia mtoto analia kwa mara ya kwanza kwa sauti kubwa. Nilikuwa bado sijamshika. Nilishageuka.

"Cheupe, bibi."

Sikutazama. Huo ndio ukweli wote, na mengine yote ninayoyaandika hapa ni mapambo yake.

Mama alikunywa bakuli zima. Alisema leo mchuzi ni mchungu kidogo, bibi akamtania kwamba mkwe aliyezaa bila kupiga kelele hana haki ya kulalamika, akamwongezea. Nilikuwa nimempakata mtoto. Jua lilikuwa bado halijafika utosini mama alipoanza kutapika. Walisema ni uchovu. Kisha walisema ni nyongo. Bibi alimshika kiganja, vidole kwenye mapigo, na nikauona uso wake ukibadilika. Alisema, "Moyo wake unasimama, unaondoka, unasimama." Mkunga alimpa maziwa ya mbuzi, akayatapika. Alitumwa mtu akamwite baba, na mwingine akakimbia na baiskeli kutafuta gari. Gari halikupatikana. Mama aliomba maji, akaniangalia, akasema nimfunike mtoto nzi wasimkae. Alikufa kabla ya alasiri.

Hilo ndilo neno la mwisho alilonipa, nami nilimfunika.

Siku ya tatu baada ya mazishi, bibi alilishusha gunia. Alilimwaga juani, akaketi, akaanza. Hakutumia pua wala vidole. Alichanja kila kitunguu kidogo ubavuni, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema, akasukutua maji, akaweka kulia au kushoto. Nilisimama nyuma ya mti nikimtazama. Vilitoka vikiwa vimechanganyika kabisa, cha kulia, cha kushoto, cha kushoto, cha kulia. Hapakuwa na kaniki. Kaniki nilikuwa nimembebea mtoto mgongoni. Alipomaliza alikaa muda mrefu kati ya mafungu mawili, halafu akageuza uso upande niliposimama. Hakuniita.

Maneno yalikuwa yameshaanza kijijini. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole aliyeombwa na watu afanye ukali, aliitisha kikao. Tuliketi kwenye magogo. Alimsimamisha bibi kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Watu wanataka kujua kilichotiwa kwenye mchuzi."

Bibi alieleza. Kitunguu cha mpaka kilichanganyika na cha jikoni, akapika, mkwe wake akanywa. Hakuficha.

"Vilichanganyikaje? Nani alivichimba siku ya kuhama?"

Ninalikumbuka jua la siku ile lilivyonichoma utosini, na uzito wa mtoto mgongoni. Kila mtu pale angelielewa. Mtoto wa miaka kumi na moja, lori linapiga honi, mgambo wanafumua paa; nani angemshangaa? Wangenichapa, wangesikitika, yangeisha. Nilifungua mdomo. Bibi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, na akasema kabla yangu:

"Nilichimba mimi. Nilifunga mimi."

Nikaufunga mdomo.

Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, bibi kizee aliyepanda vitunguu hivi tangu ujana wake anawezaje kukosea? Hakuna aliyejibu, na kutojibu kule kulikuwa hukumu. Kumbe angesema ni mtoto, lingekuwa kosa. Aliposema ni yeye, likawa uchawi. Sijui kama bibi aliliona hilo kabla ya kusema. Nadhani aliliona. Hakuwa mjinga, na macho yake mabovu yalikuwa ni ya nje tu.

Baada ya hapo hakuna aliyechukua moto kwake. Watoto walikimbia kivuli chake. Asubuhi moja tulikuta kinyesi mlangoni pa kibanda, na wiki ile ile mtu akatupa kijinga cha moto kwenye nyasi zetu. Baba akakizima kwa miguu. Ndugu za mama walikuja kutoka Igunga, wafugaji, wakamchukua mtoto wakamlee kwa maziwa ya ng'ombe. Hawakumwamkia bibi. Walipoondoka, baba alimpakia mama yake kwenye baiskeli, vitunguu kwenye usukani, kila fungu na mfuko wake, akaisukuma ile baiskeli siku nzima mpaka mahame yetu ya zamani. Ilikuwa marufuku mtu kuishi mahame. Walijua wote, na wakanyamaza kwa sababu hakuna aliyetaka arudi.

Baba alimpelekea unga kila alipoweza. Mimi nilikwenda mara moja, mvua zilipokwisha kushika. Alikuwa amejiezekea kona ya lile tundu lililokuwa chumba chake. Vya jikoni alikuwa amevipanda mlangoni pa jiko lisilokuwepo tena, na vya babu amevirudisha kaburini, mistari imenyooka kama ilivyokuwa. Nilipiga magoti nikaanza kulia, nikasema, "Bibi, ni mimi..."

"Shika jembe," akanikatiza. "Hivi vilihama na vitoto ubavuni. Nikuoneshe kuvibandua."

Tukabandua vitunguu mpaka jua likageuka. Alinifungia vitoto ishirini kwenye jani la mgomba, akanikataza kumlisha mtu chochote cha mkononi mwangu bila kukionja kwanza mwenyewe na kungoja, na akanikataza kulisema lile jambo baba akiwa hai. "Ameshazika mke, na mama ni kama amemzika. Usimpe na mtoto wa kumzika." Hatukuonana tena. Baba alimkuta kiangazi kilichofuata, amelala karibu na babu, na akamzika pale pale. Nani alimpandia kitunguu kichwani? Baba alisema hakupanda yeye. Pengine alijipandia mwenyewe mapema, ingekuwa tabia yake.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi ndiye mjukuu mwenyewe.

Hivi vilivyo nyuma ya nyumba yangu ni uzao wa vile ishirini. Nikipika navyo, ninakula mimi kwanza, peke yangu, na ninangoja mpaka kivuli cha mpapai kitoke ukutani kifike kwenye kizingiti, ndipo niwapakulie wengine. Watoto wangu wamekua wakiniita mlafi. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wageni, kwa mke wangu mpishi hula karamu yake halafu nyinyi mnakula makombo. Nilicheka pamoja nao.

Baba alifariki mwaka juzi. Mwezi uliopita mdogo wangu, yule mtoto wa mgongoni, alishuka basi kutoka Igunga. Ni mtu mzima sasa, ana mvi nyingi kuliko mimi, na binti yake amejifungua. Alikuja kuomba vitunguu vya mchuzi wa mzazi, maana huko kwao havipo na amesikia vyangu vinasifiwa. Kwao alilelewa akifundishwa kwamba bibi mzaa baba alikuwa mchawi. Kila alipotajwa, mdogo wangu alitema mate pembeni. Ametema mate hivyo mbele yangu kwenye harusi, kwenye misiba, maisha yake yote, na mimi nimekuwa nikimpa maji ya kunawa.

Nilimchimbia saba. Nikaviosha, nikaviweka mezani kwenye sahani ya bati. Halafu nikamwambia kaa, nikamwambia yote, gunia, lori, upupu, na lile neno cheupe. Sikujitetea kwa umri. Alisikiliza bila kunikatiza, mikono juu ya mkoba wake. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Bibi alijua?"

"Alijua."

Nilingoja anitemee mate, kweli niliyataka. Badala yake alichukua kisu changu, akakata kitunguu kimoja katikati, akakipeleka dirishani penye mwanga, akakitazama sana ndani. Kilikuwa cheupe. Akarudi akaninyooshea ile nusu.

"Dada," akasema, "onja wewe kwanza."

Nikaitafuna yote. Akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akanishika kiganja pale mapigo yanapodunda, na tukangoja kivuli cha mpapai kifike kwenye kizingiti.